Kwa nini tone la dawa ya macho lina upande mmoja

MKAZI wa Kilelengwani, Kaunti ya Tana River, anayepatikana na presha ya macho huenda akapewa kichupa cha matone ya timololi na kuagizwa ayatie asubuhi na jioni, maisha yake yote.

Ugonjwa huu, ambao madaktari huuita glaukoma, kwa kawaida hauumi. Mara nyingi maji ya ndani ya jicho hayatoki ipasavyo, shinikizo hupanda, na neva inayopeleka picha kwenye ubongo hufa polepole. Uwezo wa kuona uliopotea haurudi.

Timololi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1978, hupunguza utengenezaji wa maji hayo. Molekuli yake ina atomu moja ya kaboni iliyoshikana na vitu vinne tofauti, navyo vyaweza kupangwa kwa namna mbili, kama mtu na taswira yake kiooni. Atomu ni zile zile, uzito ni ule ule, lakini ni sawa na jozi ya ndara: ya kushoto haikai vyema mguu wa kulia. Vipokezi vya mwili hukubali pacha mmoja. Mwenzake ni dhaifu sana kwavyo.

Ugumu ni kwamba utengenezaji wa kawaida wa kemikali huzaa mapacha wote wawili, nusu kwa nusu. Katika miaka ya 1970 wakemia walianzia kwa manitoli, kemikali ya jamii ya sukari ambayo mimea yenyewe huiumba kwa upande mmoja tu, wakautunza upande huo hatua kwa hatua hadi dawa ikakamilika.

Hata hivyo, pacha huyo teule akipenya hadi kwenye damu aweza kubana njia za hewa. Mwenye pumu sharti amwarifu daktari mapema.

Tena kuna suala la umbali. Utafiti uliofanywa katika hospitali ya KCMC, Moshi, kwa wagonjwa 201, na kuchapishwa mwaka 2021, ulilinganisha timololi na tiba ya leza. Baada ya mwaka mmoja, leza ilikuwa imefaulu kwa asilimia 61 ya macho, matone kwa asilimia 31. Leza hupigwa hospitalini na huweza kurudiwa. Kichupa huisha baada ya wiki chache, na mafuriko ya Mto Tana yakikata barabara ya Garsen hayangoji mgonjwa anunue kingine.

Anayetumia matone asiyaache kwa kuwa haoni mabadiliko. Akishatia, afumbe jicho na kubonyeza pembe yake iliyo karibu na pua kwa dakika mbili hivi, ili dawa isiteremke puani na kuingia katika damu.