Ulimi Kukatwa Kwanza Kwenye Kompyuta

Mgonjwa wa saratani ya ulimi akishaambiwa kuwa atakatwa, haulizi tu kama atapona. Anataka kujua kama atakula na kuzungumza. Daktari hujibu kwa uzoefu, lakini wagonjwa wawili waliokatwa kipande cha ukubwa uleule wanaweza kuishia mahali tofauti kabisa.

Tamka "tatu", kisha "kuku". Katika "tatu" ncha ya ulimi imegota nyuma ya meno. Katika "kuku" shina lake limepanda hadi sehemu ya nyuma ya kaakaa. Ulimi hauna mfupa ndani yake. Una misuli minane kila upande, na ujazo wake haubadiliki: ukibanwa huku, lazima utokeze kule. Karibu misuli yote hiyo huamrishwa na neva moja kila upande. Neva hiyo ikikatwa, hata nyama ambayo kisu hakikuigusa hupooza.

Ili kutabiri matokeo ya upasuaji, wahandisi huchukua picha za MRI na kuugawa ulimi katika vipande vidogo vingi, kila kimoja na ugumu wake na mwelekeo wa misuli inayokivuta. Kisha "hukata" kwenye kompyuta. Mwaka 2007 watafiti wa Grenoble, Ufaransa, walichapisha majaribio ya kuondoa nusu ya ulimi na kuziba pengo kwa kipandikizi, wakibadilisha ugumu wa kipandikizi hicho ili kuona mwendo unavyobadilika. Swali zuri sana hilo, maana nyama ya kipandikizi inayotolewa kwenye kigasha hujaza nafasi tu. Haijikunji kama msuli wa ulimi.

Taasisi ya Saratani ya Uholanzi, Amsterdam, imekwenda mbali zaidi. Watafiti wake walisisimua kwa umeme neva inayoamrisha ulimi wakati wa upasuaji na kupima ulimi unavyosogea, kwa sababu hesabu za ulimi wa wastani hazimsaidii mgonjwa aliye mezani.

Kwa maoni yangu, teknolojia hii bado haifai kuachiwa uamuzi. Makovu, mionzi inayokaza nyama, na ubongo unaojifunza upya kutamka ni mambo magumu kuyaingiza kwenye hesabu. Faida yake kubwa ni pale mgonjwa anapochagua kati ya kisu na mionzi pamoja na dawa.

Ukifikwa na hali hii, muulize daktari wako: kitaondolewa kiasi gani, neva itabaki, na pengo litazibwa na nini? Majibu hayo hayahitaji kompyuta.