Fedha za Hija Zisiishie Dirishani

Mzee aliyedunduliza miaka mingi kwa ajili ya Hija hastahiki kupunjwa kwenye dirisha la kubadilishia fedha. Tangu mwaka 1986 Saudia imeifunga riyali yake kwa dola ya Marekani: dola 1 ni riyali 3.75. Basi dola 100 ni riyali 375. Akipewa 350, riyali 25 zimebaki kwa mbadilishaji, hata kama kibao kinasema hakuna ada. Hasara nyingine huanzia nyumbani, shilingi inapogeuzwa dola. Tuulize bei katika maduka mawili matatu, tudai stakabadhi, tuhesabu noti hapo hapo. Na tukumbuke kuwa sheria yetu yataka fedha zibadilishwe mkono kwa mkono, bila ya kukopeshana.