Ukali wa Muthiga: Gome, Kemia na Istilahi

Makala haya yananuia kueleza sababu za gome la muthiga kutumika kama dawa, na nafasi ya lugha katika kuuhifadhi ujuzi huo. Muthiga, ambao kitaalamu huitwa Warburgia ugandensis, ni mti wa misitu ya nyanda za juu za Afrika Mashariki. Katika maeneo kama Kianjokoma, Kaunti ya Embu, ambako mashamba ya chai hupakana na msitu wa Mlima Kenya, gome lake hutafunwa ili kutuliza maumivu ya jino, kikohozi na tumbo.

Anayelitafuna hukumbana na ukali mithili ya pilipili. Ukali huo ndio ufunguo wa maelezo yetu. Hutokana na kemikali kama vile poligodiali, waburganali na muzigadiali. Poligodiali, kwa mfano, hushambulia utando wa seli ya kimelea. Utando ukitoboka, yaliyomo huvuja na kimelea hufa. Katika maabara, kemikali za gome hili zimezuia kuvu pamoja na bakteria wa jamii moja na wale wa kifua kikuu.

Sifa ya pili ni kuzuia uoksidishaji. Mwili utumiapo oksijeni huzalisha chembe zilizopungukiwa elektroni, nazo huzipokonya seli elektroni na kuzidhuru. Flavonoidi zilizomo majanini huzipa chembe hizo elektroni, zikatulia. Kwa hiyo istilahi "kizuiaoksidishaji" inafaa kuliko "kiondoa sumu", inayopotosha.

Ieleweke, hata hivyo, kwamba kuua bakteria katika chombo cha maabara si kumponya mgonjwa. Mwenye kifua kikuu hana budi kwenda hospitalini.

Mwanaisimu naye asidhani hayo hayamhusu. Muzigadiali, iliyoelezwa na wanakemia mwaka 1977, imebeba ndani yake "muziga", jina la kienyeji la mti wenyewe. Lakini mti ukibambuliwa gome pande zote hukauka, kwa kuwa chakula kitokacho majanini hakifiki mizizini. Ukitoweka, jina litabaki bila kirejelewa. Hivyo basi, tunapokusanya istilahi za tiba kwa wazee, tuandike pia namna ya kuvuna bila kuua: kutumia majani, au kubandua kipande kidogo cha upande mmoja. Kamusi pekee haiuhifadhi mti.