Kona Haingoji Gia

Ndugu zetu wengi wa viwandani na mashambani huenda kazini kwa pikipiki, na wengine hupewa na mwajiri kwa kazi ya ukaguzi. Kuanguka kwenye kona ya mteremko si jambo geni kwao. Aghalabu lawama hutupiwa kokoto au mvua. Lakini mara nyingine kosa limekwisha tendeka mita 20 nyuma, katika mguu wa kushoto unaobadili gia.

Washindani wa mbio za pikipiki wanalijua sana jambo hili. Mwaka 1979 kampuni ya Honda ya Japani ilipeleka Silverstone, Uingereza, pikipiki mpya iitwayo NR500. Wapinzani wake walitumia injini za mipigo miwili, zile za petroli iliyochanganywa na oili. Injini hizo, mpandaji akifunga mafuta, hazizuii sana mwendo. NR500 ilikuwa ya mipigo minne, yenye kuzunguka zaidi ya mara 16,000 kwa dakika. Mafuta yakifungwa na gia ikishushwa, injini yenyewe iligeuka breki kali, na gurudumu la nyuma likarukaruka. Ndiyo maana mafundi waliitia klachi inayoteleza kidogo pale gurudumu linapoisukuma injini. Hata hivyo, siku hiyo ya kwanza wapandaji wake wawili, Mick Grant na Takazumi Katayama, hawakumaliza mbio.

Kwa nini gurudumu la nyuma? Ukibana breki ya mbele, uzito huelemea mbele, kama abiria wa lori linaposimama ghafla. Nyuma hubaki pepesi. Sasa ukishusha gia mbili tatu kwa pupa na kuachia klachi kwa ghafla, injini hulishika gurudumu, mpira huburuzika, na pikipiki huenda ubavu.

Mshindani hodari huanza pikipiki ikiwa bado wima. Hubana breki ya mbele kwa vidole, akiongeza nguvu polepole. Hushusha gia moja moja: hubana klachi, hupiga resi fupi kwa kiganja cha mkono uleule ulioshika breki, hubadili gia, huachia klachi taratibu. Ile resi fupi huipandisha injini hata ilingane na gurudumu, na mshtuko hautokei. Ndipo huilaza pikipiki, macho yakitazama anakotokea.

Wako mabingwa wanaoingia kona na breki kidogo, wakiilegeza kadiri wanavyolala. Tusiwaige. Mshiko wa mpira ni kama mshahara: ukiumaliza kwenye kodi ya nyumba, wa unga hakuna. Barabara ya changarawe hulipa mshahara mdogo mno, kwa hiyo breki na gia vimalizike kabla ya kona. Na mwenzetu anayekabidhiwa pikipiki ya kazi adai mafunzo pamoja na ufunguo. Hilo ni jambo la kupeleka chamani.

NR500 haikushinda hata mara moja mbio za ubingwa wa dunia. Taji la 500 la mwaka 1983 Honda ililipata kwa injini ya mipigo miwili, mpandaji akiwa Freddie Spencer wa Marekani. Lakini klachi ya kuteleza imo leo katika pikipiki nyingi kubwa za barabarani. Katika hizi zetu ndogo kwa kawaida haimo, na kazi yake hufanywa na kiganja cha mkono wa kulia.