Gemu Usiku, Mwenzi Amelala: Kompyuta Yenye Nguvu Isiyo na Kelele

Hivi umewahi kujiuliza ni ugomvi wa ndani mangapi ulioanzishwa na feni? Usicheke. Nyumba zetu nyingi za mjini, hasa hizi za kupanga, ni sebule na chumba kimoja au viwili, ukuta mwembamba katikati. Mmoja katoka kazini kachoka, anataka kulala. Mwingine naye kachoka, ila yeye uchovu wake anautoa kwa gemu. Kompyuta ikianza kuunguruma kama mashine ya kusaga, basi saa sita usiku mnajikuta mnajadili mambo ya tangu mwaka juzi.

Wengi hununua kwanza, kelele wanaikuta nyumbani. Dukani Kariakoo huwezi kusikia feni hata uweke sikio, mtaa mzima umejaa muziki na honi. Kwa hiyo ukimya inabidi muuchague mapema, mkiwa bado mnaandika orodha ya vifaa. Na ninasema mnaandika, wawili, kwa sababu hela ni yenu na sebule ni yenu.

Kinacholeta kelele ni joto. Umeme wote unaoingia kwenye lile boksi (ambalo wengi tunaliita CPU, ingawa CPU yenyewe ni kidude kidogo kilichomo ndani) huishia kuwa joto, na feni ndizo zinazolitoa nje. Joto likizidi, feni zinakwenda mbio. Kabla ya kuuliza kifaa kina kasi gani, uliza kinakula wati ngapi.

Chukua prosesa. Intel Core i9-14900K ya mwaka 2023 inaweza kupanda hadi wati 253 ikibanwa na kazi. AMD Ryzen 7 7800X3D ya mwaka huo huo imepangiwa wati 120, na kwenye gemu nyingi ndiyo inayoongoza. Hapo hakuhitajiki kikao cha wazee.

Kadi ya picha ndiyo bibi harusi wa shughuli hii: inakula hela kuliko wote na umeme kuliko wote. GeForce RTX 5090 iliyotoka 2025 imepangiwa wati 575, yaani zaidi ya nusu ya pasi ya wati 1000 imewashwa sebuleni kwenu. RTX 5070 ya mwaka huo huo ni wati 250, na kwa watu wengi inatosha na kubaki. Kitu ambacho wauzaji hawakisemi sana ni kwamba kadi ya jina hilo hilo hutengenezwa na kampuni tofauti, kila moja na feni zake. Ongeza hela kidogo uchukue ile nene yenye feni tatu. Nyingi za aina hiyo husimamisha feni kabisa kazi ikiwa nyepesi, kwa hiyo mkiangalia sinema pamoja mnasikia sinema tu.

Halafu kuna LUKU. Mtambo unaokula wati 400 ukichezewa saa 3 kila usiku unamaliza yuniti 1.2 kwa siku, 36 kwa mwezi. Mpigie mwenzako hesabu hiyo mapema, asije akaivumbua mwenyewe.

Jambo jingine linatuhusu sisi wa pwani. Majaribio mengi ya vifaa hivi hufanyika kwenye vyumba vyenye ubaridi, wakati sebule ya Dar mwezi wa pili inapita nyuzi 30 bila shida. Chumba kikizidi nyuzi 8, vifaa vya ndani navyo huzidi karibu hizo hizo, na feni zinaongeza mwendo. Kwa hiyo kifaa cha kupoza prosesa nunua kikubwa kuliko unachoshauriwa. Noctua wa Austria wana NH-D15 ambayo kwa wengi inamaliza mjadala. Ina urefu wa milimita 165, hivyo hakikisha kesi inaipokea. Rangi yao ya kahawia na krimu, kwa kweli, ni uji wa ulezi uliomwagika, lakini toleo jeusi lipo. Mambo ya kupoza kwa maji mimi sishabikii: pampu nayo ina sauti yake, na feni bado zipo.

Kwenye feni, kubwa ni bora. Ya milimita 140 husukuma hewa ile ile ya feni ya milimita 80 ikizunguka polepole zaidi. Kumbuka pia kwamba desibeli 10 zikiongezeka, sikio linasikia kama kelele imekuwa mara mbili.

Sasa tufike kwenye ugomvi wenyewe: liwekwe wapi? Mwenye kupenda sebule nadhifu anataka boksi lifichwe ndani ya kabati la TV na mlango ufungwe. Kwa joto letu hiyo ni kulioka. Afadhali mnunue kesi isiyotia aibu. Fractal Design wa Sweden walitoa North mwaka 2022, mbele ina vipande vya mbao halisi, na ikikaa karibu na meza ya mninga hata mgeni hajui ni kompyuta. Vichujio vya vumbi vifutwe kila baada ya wiki chache. Vumbi likiziba, ukimya umekwisha.

Vilivyobaki ni vya haraka. Hadi diski ya kuzunguka achana nayo, chukua SSD. Memori ulizieni duka zaidi ya moja, maana bei zilipanda sana mwishoni mwa 2025. Pawa saplai iwe ya kampuni inayojulikana, wati 750 kwa mtambo wa wati 400, feni yake itakuwa inasinzia.

Na kama kompyuta mnayo tayari na hela hakuna, ingia kwenye mipangilio ya gemu ufunge picha zisizidi 60 kwa sekunde. Kadi inapumua, feni zinatulia, shilingi haijatoka. Ukishamaliza, geukia UPS: nyingi zinaruhusu kuzima ule mlio wa pii-pii umeme unapokatika saa nane usiku.