JINSI REDIO INAVYOITOA SAUTI KATIKA MAWIMBI

Mwaka 1944, katika vita vya Anzio, nchini Italia, askari wa Marekani walijitengenezea redio kwa wembe, pini, waya, kipande cha kalamu ya risasi na kisikizio cha kutia sikioni. Redio hizo hazikuwa na betri, lakini ziliwaletea habari na muziki ndani ya mahandaki. Msomaji atauliza: kama hapakuwa na betri, sauti ilitoka wapi? Anayelijua jibu lake ataifahamu pia redio yake mwenyewe, wala hatapoteza fedha zake ovyo kwa mafundi.

Kwanza yafaa tujue sauti inavyosafirishwa. Mtu asemapo, hewa hutetemeka mara mamia, au elfu chache, kwa sekunde. Mikrofoni huigeuza mitetemo hiyo kuwa umeme. Katika stesheni, umeme huo hupakiwa juu ya wimbi litetemekalo upesi zaidi, tuseme mara 1,000,000 kwa sekunde, nalo huichukua sauti kama gari lichukuavyo abiria. Sauti ikipanda, wimbi huwa kubwa; ikishuka, wimbi huwa dogo. Namna hii ya kutangaza ndiyo iitwayo AM.

Mawimbi ya stesheni nyingi huufikia waya wa redio kwa pamoja. Kuchagua moja ni kazi ya koili ya waya na kapasita. Viwili hivi ni kama bembea: bembea haipandi juu isipokuwa ikisukumwa kwa wakati wake. Ukizungusha kitufe cha kutafutia stesheni, unaubadili wakati huo, hata wimbi unalolitaka likazidi mengine.

Lakini wimbi hilo likipelekwa moja kwa moja kwenye kisikizio, hutasikia neno. Fikiri watu wawili wameshika mlango mmoja, huyu anasukuma na huyu anavuta, kwa nguvu sawasawa na kwa zamu za upesi mno. Mlango hautasogea. Ndivyo ulivyo umeme wa wimbi: huenda na kurudi sawasawa, na jumla yake ni sifuri.

Dawa yake ni dayodi, ambayo huupitisha umeme upande mmoja tu, kama mtego wa samaki: aingiaye hatoki. Zamani kazi hii ilifanywa na madini. Jagadish Chandra Bose, mtaalamu wa Calcutta, alipewa hataza nchini Marekani mwaka 1904 kwa chombo chake kilichotumia madini ya galena. Kule Anzio, kazi hiyo ilifanyika pale ncha ya kalamu ilipougusa wembe.

Nusu ya wimbi ikiisha kuzuiliwa, husalia misukumo ya upande mmoja, mikubwa na midogo. Hapo ndipo kapasita ya pili ifanyapo kazi, mfano wa pipa lenye tundu dogo chini. Ukilitilia maji kata baada ya kata upesi upesi, kina chake hakifuati kila kata, bali hupanda kata zikiwa kubwa na kushuka zikiwa ndogo. Kupanda na kushuka huko ndiko sauti yenyewe. Tundu likiwa dogo mno, maji huchelewa kushuka na sauti huharibika. Likiwa kubwa mno, kina huyumba kwa kila kata.

Kwa hiyo redio ya Anzio iliendeshwa na nguvu ya wimbi lenyewe, nayo yatosha kisikizio tu. Betri ya redio ya nyumbani kazi yake ni kuikuza sauti mpaka isikike chumba kizima. Ndiyo sababu betri ikichoka, sauti hufifia.

Vivyo hivyo, radi ipigapo hutoa mawimbi yake, nayo huongeza ukubwa wa wimbi la stesheni. Dayodi haina namna ya kutenga ukubwa uletwao na msemaji na ule uletwao na radi. Yote huyatoa kwa pamoja. Basi redio yako ya AM ikikwaruza wakati wa mvua ya radi tu, haina ugonjwa. Ngoja mawingu yapite kabla ya kuipeleka kwa fundi.