Pua ya Mkulima wa Karafuu

Wageni wanaokuja Pemba kwa chombo wakati wa msimu husema kwamba huipata harufu ya karafuu kabla hawajashuka bandarini. Sisi tunaokaa hapa, tunaolala na karafuu uani na magunia chumbani, tukiyasikia maneno hayo hucheka, maana wengi wetu hatusikii kitu. Je, pua zetu zimekufa? La, hazikufa, zimezoea tu. Lakini wamo miongoni mwetu ambao pua zao zimeacha kazi kweli, nao huona haya kusema. Kwa ajili ya hao, na kwa faida ya wanachama wote, tumeona yafaa tueleze jinsi pua inavyofanya kazi, mambo yanayoiharibu, na la kufanya inapoharibika.

Tuanze na kisa cha mwenzetu mmoja, aliyeturuhusu tukieleze bila ya kumtaja jina. Ni mzee aliyekulia chini ya mikarafuu, na majirani walikuwa na desturi ya kumwita azinuse karafuu zao kabla ya kuzipeleka kituoni. Mwaka mmoja alishikwa na mafua makali. Homa ikaondoka, kamasi zikakauka, lakini harufu haikurudi. Chai ikawa maji ya moto, na pilau ikawa wali wa chumvi. Hakumwambia mtu. Msimu ulipofika, mvua ikamkatiza kuanika. Akazirundika karafuu mbichi ndani, akakaa nazo siku mbili. Siku ya tatu mjukuu wake aliingia chumbani akasema, “Babu, mbona humu mnanuka uchachu?” Karafuu zilikwisha kuvunda. Zilipokauka zilikuwa zimepauka na kukunjamana, na kituoni zikatiwa daraja la chini. Jasho la msimu mzima lilipungua thamani kwa sababu ya pua moja, na kwa sababu ya haya.

Harufu ni kitu gani?

Harufu ni chembechembe ndogo mno za kitu chenyewe, zisizoonekana kwa macho, zinazopeperuka hewani. Karafuu kavu iliyo njema huwa na mafuta kiasi cha sehemu 15 hadi 20 katika kila sehemu 100 za uzito wake, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kitu kiitwacho yujenoli. Tukiivunja karafuu, yujenoli hupeperuka, nasi tukivuta pumzi huingia puani. Yujenoli hiyo hiyo imo katika majani ya mdalasini na katika baadhi ya mirehani. Ndiyo maana harufu zao hukaribiana na karafuu.

Juu kabisa ndani ya pua, karibu na usawa wa macho, pana utando mdogo ambao upana wake ni sentimita chache tu za mraba. Katika utando huo zimo chembe hai za kunusia, mamilioni kwa hesabu. Kila moja ina vinyweleo vilivyolowa katika ute, na nyuma yake hutoka uzi mwembamba unaopita katika mfupa wenye vitundu kama chekeche, ukaingia penye ubongo. Tuukumbuke mfupa huo wa chekeche, kwani tutaurudia.

Mwaka 1991 wataalamu wawili wa Marekani, Linda Buck na Richard Axel, walitangaza kwamba wamevigundua vipokezi vya harufu vilivyomo katika chembe hizo, na kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Binadamu anavyo vipokezi vya aina zipatazo 400. Harufu moja huamsha vipokezi kadhaa kwa pamoja, na ubongo huitambua kwa mchanganyiko wake, kama masikio yanavyoitambua ngoma kwa mapigo yote na si kwa pigo moja. Kwa njia hiyo aina 400 hutosha kubagua harufu nyingi kupita hesabu hiyo.

Na utamu wa chakula, je? Sehemu kubwa ya ule tunaouita utamu wa chakula ni kazi ya pua. Ulimi hujua tamu, chumvi, uchungu, ukali wa ndimu na ladha ya mchuzi wa nyama. Mengineyo hupanda kutoka kooni hadi puani. Msomaji na ajaribu: abane pua yake kwa vidole, atafune karafuu moja. Atasikia moto na ganzi, lakini hatasikia karafuu. Akiiachia pua, mara moja harufu itajaa kichwani.

Jaribio hilo lina fundisho jingine. Ule moto wa karafuu, kama ukali wa pilipili, huchukuliwa na mshipa mwingine wa fahamu, si ule wa kunusia. Kwa hiyo mtu aliyepoteza harufu huweza kuwashwa na pilipili na kuchomwa na karafuu, akadhani pua yake ni nzima. Mzee wetu alijidanganya hivyo muda mrefu.

Mazoea ya pua

Pua imeumbwa kutoa habari za jambo jipya. Harufu ikikaa dakika chache bila ya kubadilika, pua na ubongo huacha kuishughulikia. Haya si maradhi. Lakini mkulima aliyeshinda kutwa anachambua karafuu asiitegemee pua yake jioni kumwambia kwamba karafuu hizi ni kavu na zile zina unyevu. Kwanza na atoke nje apate hewa. Kisha atumie macho na mikono: karafuu iliyokauka huvunjika kwa mlio, haipindiki, kikonyo chake huwa cha rangi ya udongo iliyokolea, na kichwa chake chepesi zaidi kwa rangi. Tena mizani haina mazoea: kilo tatu za karafuu mbichi hutoa kiasi cha kilo moja kavu. Uzito ukizidi sana hapo, bado maji yamo.

Yanayoiharibu pua

Sababu iliyo nyingi kuliko zote ni mafua. Aghalabu mafua huziba njia tu, na yakiisha harufu hurudi. Lakini mara nyingine virusi huuharibu utando wenyewe. Dunia nzima ililiona jambo hili tangu mwaka 2020, maradhi ya UVIKO-19 yalipoenea. Virusi vyake hushambulia khasa zile chembe zinazozilea chembe za kunusia. Wengi walipona kwa wiki chache. Wengine walikaa miezi, hata miaka, na wengine harufu ziliwarudia zimepotoka, kahawa ikanuka kama kitu kilichoungua au kilichooza.

Sababu ya pili inatuhusu sisi wachumaji zaidi kuliko watu wengine, nayo ni kuanguka. Mtu akianguka kutoka mkarafuuni akapiga kisogo, ubongo hutikisika ndani ya fuvu, na zile nyuzi zinazopita katika mfupa wa chekeche huweza kukatika. Tumezoea kumtazama aliyeanguka mikono na miguu, tukifurahi hakuvunjika. Tumuulize pia kama anasikia harufu.

Zipo na sababu nyingine: vinyama vinavyoota ndani ya pua, uvutaji wa tumbaku, mvuke wa baadhi ya dawa na kemikali kali, na uzee. Mara nyingine kupotea kwa harufu hutangulia kwa miaka maradhi ya kutetemeka yaitwayo Parkinson. Hatusemi hayo ili kumtisha mtu, ila asidharau.

Dawa iliyomo uani kwetu

Chembe za kunusia zina tabia njema: zikifa, nyingine huweza kuota mahali pake. Kwa sababu hiyo madaktari walifikiri kwamba huenda pua ikafunzwa kama mkono uliovunjika unavyofunzwa kushika. Mwaka 2009 daktari Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, walitangaza zoezi walilowafanyisha wagonjwa kwa majuma 12. Asubuhi na jioni wagonjwa walinusa harufu nne: waridi, mkaratusi, limau, na ya nne ni karafuu! Baadhi yao walipata nafuu, kuliko wale ambao hawakufanya zoezi. Tangu hapo zoezi hilo limeenea katika nchi nyingi, na kitu wanachokinunua wenzetu dukani sisi tumekianika mlangoni.

Namna yake ni hii. Twaa vikopo vinne vyenye vifuniko. Katika kimoja tia karafuu zilizovunjwa, katika cha pili maganda ya limau, katika cha tatu pamba yenye marashi ya mawaridi, na katika cha nne pamba yenye mafuta ya mkaratusi. Nusa kila kimoja polepole kwa muda wa sekunde 10 hivi, huku ukiikumbuka harufu yake ilivyokuwa. Pumzika kidogo, kisha nenda kwa kinachofuata. Fanya hivyo mara mbili kwa siku, wala usikate tamaa kabla ya miezi mitatu. Lakini tahadhari: usitie mafuta ya karafuu ndani ya pua, kwani yanaunguza.

Zoezi hili halishiki mahali pa daktari. Aliyepoteza harufu ghafula, au baada ya kuanguka, au aliyezibwa pua upande mmoja na kutoka damu, aende hospitali bila ya kuchelewa. Na wakati anangojea nafuu, nyumba nzima ijue hali yake. Gesi ya kupikia hutiwa harufu mbaya kiwandani makusudi ili ikivuja tujue. Asiyesikia harufu hana mlinzi huyo. Wala hatajua kwamba samaki ameharibika au kitambaa kinaungua jikoni. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mzee wetu alikuwa na bahati kwamba kilichomuumbua kilikuwa karafuu tu.

Mzee huyo alifanya zoezi kwa miezi mitano. Limau lilitangulia kurudi, kwa mbali. Kisha karafuu, nusunusu. Haikurudi yote, naye anajua huenda isirudi. Lakini msimu huu karafuu zake zote zimepata daraja la kwanza, kwa sababu kila jioni, kabla ya kufunga gunia, huzivunja chache kwa vidole, akazipima uzito, kisha humwita mjukuu wake mbele za watu, bila ya haya: “Hebu njoo uninusie.”